Je, gunia langu la makala linaua gorila wa Kahuzi?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watano, nauza makala hapa Kadutu, mwaka wa kumi na moja sasa. Juzi kijana wangu wa pili alitoka shule akaniambia mbele ya wateja kwamba mimi ndiye ninayemaliza gorila wa Kahuzi-Biega. Wateja walicheka. Mimi nililala nikilifikiria. Kwa makala hayo hayo nimemlipia shule. Naomba mtaalamu aniambie kweli: makala ndiyo yanayoua gorila? Mbona wengine wanasema ni Batwa, na wengine wanasema ni wachimbaji wa koltani?
Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, kijana wako ameshika upande mmoja wa jambo. Makala yanakula msitu ambamo gorila wanaishi, na hilo siwezi kukuficha. Lakini gorila wengi tuliowapoteza tangu vita vianze hawakumalizwa na makala. Waliuawa kwa risasi na kwa mitego, wakaliwa, na wengi wao walifia mbali na Kadutu, kuzunguka machimbo. Kuna mahali makala na nyama hukutana, na hapo ndipo gunia lako linapoingia. Naomba uvumilivu wako nieleze polepole. Nimefanya kazi ya misitu pande za Tshivanga, kwenye lango la parki ya Kahuzi-Biega, kwa miaka mingi, na hili si jambo ninaloweza kulijibu kwa mistari mitatu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Gorila wetu anaitwa gorila wa Grauer, na duniani kote haishi popote isipokuwa mashariki ya Kongo. Wale wa Virunga, ambao watalii huwafuata pia Rwanda na Uganda, ni ndugu zake wa milimani. Wa kwetu ndiye mkubwa kuliko gorila wote. Dume aliyekomaa, mwenye mgongo wa mvi, anaweza kupita kilo 200, na ukimwona ameketi anamenya shina la mmea kwa vidole taratibu utashangaa mikono ile inaweza kuwa na upole kiasi hicho.

Parki ilianzishwa 1970, ikiwa kilomita za mraba 600 tu za msitu wa juu, kuzunguka mlima Kahuzi wenye mita 3,308 na jirani yake Biega. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000, ikashuka mpaka msitu mkubwa wa chini, ule wa joto na mvua, pande za Shabunda na Walikale. Kati ya juu na chini kuna shingo nyembamba ya msitu. Ukitazama ramani yake unaona kibuyu. Ishike picha hiyo ya kibuyu, mama, kwa sababu kila sehemu ina mwizi wake: kichwa kinaliwa na makala, tumbo linaliwa na machimbo, na shingo inabanwa na mashamba na malisho ya ng'ombe.

Kichwa ndicho kilicho karibu nasi. Unapita Miti, unapanda, na baada ya kilomita kama 30 kutoka mjini uko Tshivanga. Ukaribu huo ndio balaa lake. Bukavu ina watu zaidi ya milioni moja, na karibu kila nyumba ina mbabula, jiko la makala. Bwawa la kwanza la umeme la Ruzizi lipo tangu miaka ya 1950, la pili tangu 1989, lakini wewe unajua vizuri kuliko mimi ni siku ngapi kwa juma mtu wa Kadutu anaweza kutegemea umeme kupika maharagwe. Hata gesi iliyomo ndani ya ziwa Kivu, wenzetu wa ng'ambo, Rwanda, wanaitoa na kuigeuza umeme, sisi bado. Kwa hiyo mji mzima unapikia miti, na mti mnene ulio karibu zaidi uko parki.

Hesabu ya makala ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Tanuru la udongo, lile la kufukia magogo na kuyachoma siku kadhaa, hupoteza sehemu kubwa ya kuni kwa moshi na joto. Kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 za makala, na akiwa fundi asiye na subira anapata chini ya hapo. Gunia moja la kilo 50 basi limebeba kuni za kilo 250 kwenda juu, mara nyingine 500. Mti wa msitu wa mlima uliochukua zaidi ya miaka mia kukua unaisha kwa juma moja.

Hata hivyo, gorila hafi siku mti unapoanguka. Gorila wa juu hula majani, mashina, maganda, na machipukizi ya mianzi msimu wake ukifika. Miti michache ikikatwa anasogea. Kinachomuua ni kile kinachokuja pamoja na mchoma makala. Tanuru halichomwi kwa saa mbili. Mtu analala msituni siku tano, siku saba, na wenzake watatu au wanne, na wanahitaji mboga. Wanatega. Waya wa breki ya baiskeli, kamba ya nailoni, kijiti kilichopindwa, basi. Mtego unamlenga funo au nguruwe pori, lakini waya haumjui mnyama. Mtoto wa gorila anatia mkono, waya unakaza, anavuta, unakaza zaidi. Akifaulu kuukata, waya unabaki mkononi, mkono unavimba na kuoza. Wapo gorila wa Kahuzi wanaoishi bila kiganja kwa sababu hiyo, na hao ndio waliobahatika. Halafu mchoma makala akiondoka anaacha njia. Njia ile mwenye bunduki ataitumia mwezi ujao bila kupoteza hata jasho la kufyeka.

Kuna jambo la ugonjwa pia. Mafua yetu humwambukiza gorila, kwa kuwa mwili wake unafanana sana na wetu, na kifua kinachokupa wewe siku tatu za kukohoa kinaweza kumuua yeye. Ndiyo maana wageni wa Tshivanga huvaa barakoa na kusimama mbali. Mchoma makala anayekohoa na kujisaidia msituni havai chochote.

Sasa machimbo, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo hasara kubwa ilipotokea.

Kabla ya vita, katikati ya miaka ya 1990, gorila wa Grauer walikadiriwa kuwa kama 17,000. Mwaka 1994 wakimbizi walivuka kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu. Kambi za Kashusha na Inera zilikuwa ukingoni kabisa mwa parki, na watu wale walihitaji kuni kama mtu yeyote. Kisha vita vya 1996, kisha vya 1998. Silaha zikasambaa, walinzi wakanyang'anywa zao na kubaki na kipande kidogo cha msitu wa juu wanachoweza kukikanyaga. Halafu, mwaka 2000, bei ya koltani ikapanda karibu mara kumi ndani ya miezi michache, kwa kuwa viwanda vya simu na kompyuta vilikuwa vinagombea tantalamu, metali inayotoka katika mawe hayo. Maelfu ya watu waliingia tumbo la kibuyu na sepetu na karai.

Fikiria maisha yao, mama, kwa sababu wengi walikuwa vijana kama wako. Hakuna barabara. Unga unabebwa mgongoni siku kadhaa na ukifika machimboni bei yake inaumiza. Ng'ombe hakuna. Nyama iliyopo ni ya pori, na mwenye bunduki hapendi kupoteza risasi kwa mnyama mdogo. Akaanza na tembo. Msitu wa juu ulikuwa na mamia ya tembo kabla ya vita. Kufikia 2000 walikuwa wamekwisha karibu wote. Baada ya tembo, gorila. Na gorila ana tabia moja inayomponza: familia inapovamiwa, dume mkubwa hakimbii. Anajitokeza mbele, anapiga kifua, anasimama kati ya hatari na watoto wake. Kwa chui ule ni ulinzi mzuri. Kwa mtu mwenye bunduki ya vita ni shabaha kubwa iliyotulia. Akianguka yeye, majike na watoto wanatawanyika au wanauawa mmoja baada ya mwingine.

Hesabu ya msitu wa juu peke yake inaonyesha: kama 245 mwaka 1996, kama 130 mwaka 2000. Miaka minne. Kwa gorila wa Grauer wote, utafiti uliotolewa 2016 ulikadiria wamebaki 3,800, na mwaka huo huo wakaingizwa katika daraja la wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Mwaka 2021 makadirio yakarekebishwa kuwa 6,800. Utasikia watu wakisema wameongezeka. Hapana; waliohesabu waliweza kufika mahali ambapo hawakuwa wamefika vizuri, kama misitu ya Oku. Hata hivyo ni habari njema, kwa sababu sehemu ya gorila hao wanaishi katika misitu ya wanakijiji, nje ya parki.

Na nikitaka kukueleza kwa nini kila mmoja ni hasara kubwa, nitakupa hesabu ya uzazi, ambayo wewe kama mama utaielewa upesi. Jike wa gorila huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama kumi. Mimba ni miezi minane na nusu. Mtoto ananyonya na kubebwa muda mrefu, hivyo kati ya mtoto na mtoto hupita miaka minne au zaidi. Jike akiishi hadi miaka 35 amezaa mara tano, labda sita, na baadhi ya watoto watakufa wangali wachanga. Funo anaweza kuzaa kila mwaka. Kijiji kinaweza kula funo kwa kiasi na bado wakawepo; gorila huwezi kumla hata "kwa kiasi". Msitu wa juu ulihitaji kama miaka kumi na mitano ya kazi ngumu ya walinzi, wengine wakifa kazini, kurudisha idadi juu ya 200.

Kuna kidonda kingine ambacho wapita njia hawakioni. Tembo walipotoweka, mmea mmoja unaotambaa, Sericostachys scandens, ulianza kufunika sehemu kubwa za msitu wa juu. Unapanda juu ya miti, unaizuia jua, miti michanga haioti chini yake. Ni mmea wa hapa hapa, haukuletwa, na wengi wetu tunaohangaika nao tunaamini ulipata nafasi kwa sababu tembo waliokuwa wakiula na kuukanyaga hawapo tena. Pale mchoma makala anapofungua uwazi, nao unakimbilia hapo. Kwa hiyo mti uliokatwa leo hauna uhakika wa kupata mrithi, hata tukiacha kukata kesho.

Umeuliza kuhusu Batwa. Ninaposikia mtu Bukavu akisema "Batwa wanamaliza parki", naumia, kwa sababu hadithi imeanzia katikati. Batwa, watu wa asili wa msitu, waliishi katika msitu ule kabla haujaitwa parki. Parki ilipoanzishwa na kupanuliwa miaka ya 1970 waliondolewa kwa maelfu, bila fidia, wakaachwa kando ya mashamba ya watu wengine, bila ardhi. Wamekaa hivyo nusu karne. Oktoba 2018, baada ya ahadi nyingi kukauka, baadhi yao walirudi msituni. Yaliyofuata yalikuwa mabaya: mapigano na walinzi, damu ikamwagika pande zote mbili, na sehemu za msitu wa juu zikakatwa kweli kweli. Siwezi kusema hakuna Mutwa aliyeshika shoka. Lakini magunia yale hayakutembea yenyewe hadi mjini. Nyuma ya shoka kulikuwa na wafanyabiashara wenye mtaji, na nyuma yao wenye silaha wanaotoza kila gunia linalopita. Mutwa alibaki na sehemu ndogo kabisa ya faida na sehemu kubwa kabisa ya lawama.

Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: serikali yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega na inatakiwa iwarudishie ardhi yao. Kongo ina pia sheria ya Julai 2022 inayolinda watu hawa. Wapo wenzangu wa uhifadhi wanaoogopa uamuzi huo. Mimi siogopi. Watu waliowafundisha watafiti wa kwanza kusoma alama za gorila kwenye tope walikuwa Batwa, na sijawahi kuona msitu uliolindwa kwa muda mrefu na walinzi peke yao huku majirani wote wakiwa na njaa na hasira.

Sasa tufike kwako, na gunia lako.

Sikuambii uache kuuza. Ukiacha wewe, mteja atavuka njia hadi kwa jirani, na watoto wako ndio watakaolala njaa. Lakini si makala yote ya Kadutu yanatoka parki. Mengi yanatoka kwenye mikaratusi na miti mingine iliyopandwa Kabare, Walungu na kwingineko, na tofauti kati ya gunia hilo na lile la Kahuzi ni kubwa sana kwa gorila. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua unachouza. Mwulize anayekuletea: limetoka kijiji gani, mti gani, shamba la nani? Tazama vipande. Makala ya miti ya kupandwa mara nyingi ni ya duara, membamba, unaona kabisa yalikuwa fito. Vipande vizito vilivyopasuliwa kutoka shina nene, vinavyolia kama chuma ukivigonga, mara nyingi ni vya mti mkubwa wa asili. Si ushahidi wa mahakamani, maana mti mnene unaweza kutoka shamba la babu wa mtu. Ila ukiunganisha macho na majibu ya mletaji utajua mengi kuliko mlinzi aliye kwenye kizuizi.

Najua wateja wako wanapenda yale mazito kwa sababu yanakaa mbabulani muda mrefu. Hapo mbabula yenyewe inasaidia. Ile ya bati tupu inapasha hewa. Iliyowekewa udongo wa kuchomwa ndani hushika joto na kupunguza makala kwa theluthi au zaidi, na mama akiona hivyo halalamiki sana kwamba makala ya mkaratusi yanaisha haraka. Baadhi ya wauzaji huweka mbabula hizo pembeni ya magunia na kuuza vyote viwili. Faida ya mbabula moja si ndogo, na mteja hakukimbii. Atarudi kwa makala.

Kuhusu nyama sina mjadala. Magari na pikipiki zinazoleta makala wakati mwingine huficha nyama chini ya magunia, na mara nyingine mtoto wa nyani au wa sokwe akiwa hai. Usinunue, hata kwa huruma. Ili kumpata mtoto mmoja wa sokwe, wawindaji humuua mama yake na mara nyingi wengine wanaojaribu kumtetea. Ukilipa, unalipia safari ijayo. Kule Lwiro kuna kituo kilichofunguliwa 2002 kinachowalea yatima hao, na sokwe wake wamepita mia moja. Ukiona mmoja, wapashe habari Lwiro au watu wa parki.

Na kijana wako asiishie kwenye darasa lile. Kando ya parki kuna shirika la Pole Pole, lililoanzishwa 1992 na John Kahekwa, aliyekuwa mfuatiliaji wa gorila. Wamepanda mamilioni ya miti kwenye ardhi ya wakulima ili kuni na mbao zipatikane nje ya mpaka, na wamewapa kazi nyingine watu waliokuwa wanatega. Mtoto aliyekuambia maneno mazito mbele ya wateja anaweza pia kwenda kuona kitalu cha miche, akarudi akakueleza mkaratusi unachukua miaka mingapi kabla ya kuvunwa.

Mletaji wako akifika safari ijayo, chukua daftari uandike alivyokujibu: kijiji, mti, siku aliyotoka. Fanya hivyo kwa magunia kumi. Kisha niandikie tena, bila jina lako na bila jina lake, nami nitakuambia vijiji vipi viko upande wa mashamba na vipi viko upande wa msitu.